Wayahudi Walianza Lini?

Ukimuuliza msomaji wa Biblia Myahudi wa kwanza alikuwa nani, jibu huja upesi: Ibrahimu. Jibu hilo lina msingi wake, kwa maana Wayahudi humhesabu kuwa baba yao, na sala yao kuu humtaja Mungu kama Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Hata hivyo kitabu cha Mwanzo, ambacho ndicho chanzo cha habari zake, hakimwiti Myahudi hata mara moja. Katika sura ya 14 anaitwa Mwebrania, basi. Isaka haitwi Myahudi, wala Yakobo, wala Musa. Hata mfalme Daudi, aliyezaliwa katika kabila la Yuda lenyewe, hapewi jina hilo. Tukizifuata habari za Biblia kwa mpangilio wake, Wayahudi wanatajwa kwa mara ya kwanza katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 16, wakifukuzwa kutoka Elathi, mji uliokuwa kwenye ncha ya ghuba ya Akaba. Tukio hilo ni la karne ya 8 K.K., zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati ambao Biblia yenyewe inamweka Ibrahimu.

Muda huo wa miaka elfu moja ndio unaotuhusu. Mtu wa leo huona nasaba, jina na dini ya Wayahudi kama kitu kimoja, kwa hiyo hudhani vyote vilianza siku moja. Historia inaonyesha kwamba vilianza kwa nyakati tofauti, kila kimoja kwa sababu zake, na kwamba nasaba ya Ibrahimu ilipata uzito wake mkubwa baadaye sana, wakati wajukuu wake walipoihitaji.

Tuanze na Ibrahimu mwenyewe. Hakuna hati ya wakati wake, nje ya Biblia, inayomtaja. Mwanaakiolojia Mmarekani William Albright, aliyefanya kazi Palestina kati ya vita viwili vya dunia, aliona kwamba mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Mari na Nuzi yana desturi za ndoa na urithi zinazofanana na zile za Mwanzo, na kwa hoja hiyo akawaweka mababu mwanzoni mwa milenia ya pili K.K. Wasomi wengi walimfuata. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 Thomas Thompson na John Van Seters, kila mmoja kwa kitabu chake, walionyesha kwamba desturi hizo hazikuwa za kipindi kimoja tu, na kwamba masimulizi yenyewe yana alama za wakati wa baadaye. Mji wa Uru, kwa mfano, unaitwa Uru wa Wakaldayo, ilhali Wakaldayo hawaonekani katika kumbukumbu za Mesopotamia kabla ya karne ya 9 K.K. Hoja hii haithibitishi kwamba Ibrahimu hakuwepo. Inathibitisha tu kwamba waliomwandika waliishi mbali naye, na msomaji mwangalifu ataishia hapo.

Lakini hata tukiliacha suala la tarehe na kuyasoma masimulizi kama yalivyo, mababu hawa hawaishi kama Wayahudi. Ibrahimu amemwoa Sara, binti wa baba yake kwa mama mwingine. Yakobo ameoa ndugu wawili, Lea na Raheli, wote wakiwa hai. Ndoa zote mbili zimekatazwa na kitabu cha Mambo ya Walawi. Ibrahimu anapanda mti Beer-sheba na kuliitia jina la Mungu hapo, na Yakobo anasimamisha nguzo ya jiwe Betheli na kuimiminia mafuta, ingawa Kumbukumbu la Torati linakataza miti na nguzo penye ibada. Wageni watatu walipomfikia Ibrahimu, aliwaandalia siagi na maziwa pamoja na ndama, chakula ambacho hakingeruhusiwa leo katika jiko la Myahudi mshika dini. Zaidi ya hayo, Ibrahimu si baba wa ukoo mmoja tu. Kwa Ishmaeli ni babu wa makabila ya Waarabu, kwa Ketura ni babu wa Wamidiani, na kwa Esau ni babu wa Waedomi. Kwa maoni yangu, hii ni dalili nzuri kwamba waandishi walipokea mapokeo ya zamani kuliko wao. Kama wangeyabuni yote, wangeyasafisha kwanza.

Baada ya mababu linakuja jina la Israeli, na hapa tunapata ushahidi wa kwanza wa nje. Mwaka 1896 Mwingereza Flinders Petrie alifukua Thebes, Misri, jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa karibu mwaka 1208 K.K. Katika orodha ya ushindi wake huko Kanaani, Farao anajisifu kwamba ameiangamiza Israeli. Majivuno hayo yalikuwa ya mapema mno, lakini yana faida kwetu: majina ya miji jirani yamewekewa alama inayoonyesha nchi, na jina la Israeli limewekewa alama inayoonyesha watu. Kwa hiyo katika karne ya 13 K.K. kulikuwa na kundi lililojulikana kwa jina hilo.

Walitoka wapi? Albright alifuata kitabu cha Yoshua na kusema waliiteka nchi kwa upanga. Mjerumani Albrecht Alt alisema walikuwa wafugaji walioingia polepole na kwa amani. Mwaka 1962 George Mendenhall akaleta hoja ya tatu: wengi wao walikuwa wakulima wa Kanaani walioasi watawala wa miji. Uchimbaji katika vijiji vya milimani umezidi kuegemea upande wa asili ya ndani, kwa sababu vyungu na nyumba zao zinafuata desturi za Kanaani, ingawa hilo halizuii kundi dogo kuja kutoka Misri likiwa na habari za Musa. Tena jina Israeli limebeba jina la El, mungu mkuu wa Wakanaani, na si jina la Yahwe. Hapa bado hakuna Wayahudi. Yuda ilikuwa sehemu ya kusini ya milima hiyo, kavu na yenye watu wachache.

Karibu mwaka 930 K.K., kwa hesabu ya kawaida, ufalme wa Sulemani uligawanyika. Kaskazini kulikuwa na Israeli, yenye mashamba na njia za biashara. Kusini Yuda, na Yerusalemu ukiwa mji wake mkuu. Jiwe la Mesha mfalme wa Moabu na jiwe la Tel Dan lililogunduliwa mwaka 1993, yote ya karne ya 9 K.K., yanaonyesha kwamba mataifa jirani yalizitambua nchi hizi kama falme mbili. Mtu wa Samaria, huko kaskazini, aliyeitwa wakati huo mtu wa Yuda angeshangaa, na pengine angekasirika.

Mizani iligeuka mwaka 722 K.K., Ashuru ilipouteka Samaria. Mfalme Sargoni wa Pili aliandika kwamba aliwahamisha watu 27,290. Waashuri waliwatawanya mateka wao mbalimbali katika milki yao, na watu waliotawanywa hivyo walipotea ndani ya mataifa mengine baada ya vizazi vichache. Baadhi ya waliosalia walikimbilia kusini, na wanaakiolojia wengi wanahusisha ukuaji wa ghafla wa Yerusalemu wakati wa Hezekia na wakimbizi hao, ingawa wapo wanaosema mji ulikua polepole zaidi. Vyovyote ilivyokuwa, kutoka hapo Yuda peke yake ndiyo iliyobaki kudai urithi wa Israeli. Huenda ndipo pia masimulizi ya mababu yalipounganishwa. Yakobo ana maskani yake Betheli na Shekemu, huko kaskazini. Ibrahimu ana kaburi lake Hebroni, katikati ya Yuda. Nasaba inayomfanya Ibrahimu kuwa babu wa Yakobo inaziunganisha nchi mbili katika ukoo mmoja, na inauweka upande wa kusini kuwa mkubwa kwa umri.

Wakati huo mtu aliyeitwa Myahudi alikuwa mtu wa Yuda, raia au mzaliwa wa ufalme huo, kama vile Mmoabu alivyokuwa mtu wa Moabu. Kumbukumbu za Senakeribu za mwaka 701 K.K. zinamwita Hezekia kwa jina hilo hilo. Kwa kanuni ya kawaida, jina la namna hiyo hufa nchi inapokufa. Hakuna leo anayejiita Mmoabu.

Nchi ilikufa kweli. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza wa Babeli alimchukua mateka mfalme kijana Yehoyakini pamoja na wakuu na mafundi, na mwaka 586 K.K. jeshi lake likauchoma Yerusalemu na hekalu. Lakini Wababeli hawakufanya kama Waashuri. Waliwapa mateka ardhi na kuwaacha wakae pamoja, kila taifa katika vijiji vyake, ili walime na kulipa kodi. Mabamba ya hazina ya Babeli, yaliyochapishwa na Ernst Weidner mwaka 1939, yanaorodhesha mgao wa mafuta uliotolewa kwa Yehoyakini mfalme wa Yuda na wanawe watano. Mabamba mengine, yaliyochapishwa mwaka 2014 na Laurie Pearce na Cornelia Wunsch, yanataja kijiji cha huko Babeli kilichoitwa Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda. La zamani zaidi ni la mwaka 572 K.K., miaka 14 tu baada ya Yerusalemu kuanguka. Ndani yake kuna watu wa kawaida wenye majina yanayobeba jina la Yahwe, wanaokodi mashamba, wanaokopa na kulipa kodi. Ndipo jina la nchi lilipoanza kuwa jina la watu wasio na nchi. Mtoto aliyezaliwa Al-Yahudu hakuwahi kuiona Yuda, na bado aliandikwa kuwa mtu wa Yuda. Kama ni lazima kutaja mahali pamoja ambapo utambulisho wa Kiyahudi ulianza, mimi ningetaja vijiji hivyo vya mifereji ya Babeli.

Desturi nazo zilibadilika maana huko. Chukua tohara. Katika nchi yao ya zamani haikuwatofautisha na majirani, kwa sababu nabii Yeremia anawataja Wamisri, Waedomi, Waamoni na Wamoabu kuwa nao hutahiri. Wababeli hawakutahiri. Alama ambayo nyumbani haikumtofautisha mtu, ugenini ikawa ya kumtambulisha. Wataalamu wengi wanaiweka sura ya 17 ya Mwanzo, ambamo Ibrahimu anapewa agano la tohara akiwa na miaka 99, katika kipindi hiki cha uhamisho au baada yake kidogo. Ibrahimu mwenyewe naye alipata nguvu mpya. Kitabu cha Ezekieli kinaeleza kwamba waliobaki katika magofu ya Yuda walidai nchi ni yao, wakisema Ibrahimu alikuwa mmoja tu naye akairithi, sembuse wao walio wengi. Upande wa pili, sura ya 51 ya Isaya inawaelekeza wenye huzuni wamtazame Ibrahimu baba yao na Sara aliyewazaa. Mtu aliyetoka Uru, jirani na Babeli, akaenda Kanaani kwa ahadi tu, alikuwa amepita njia ile ile waliyotamani kuipita wao. Makundi mawili yaliyogombania urithi yalimshika babu mmoja.

Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 K.K., na baadhi ya mateka wakarudi. Hekalu la pili lilikamilika mwaka 515 K.K., na Yuda ikawa jimbo dogo la Uajemi. Waliorudi walilazimika kuamua nani ni mwenzao, kwa kuwa nchi haikuwa tupu. Ezra na Nehemia walishika nasaba kwa ukali: familia zilizoshindwa kuonyesha koo zao ziliwekwa pembeni, na wanaume waliooa wanawake wa kigeni wakatakiwa kuwaacha. Si wote waliokubali, inavyoelekea. Kitabu cha Ruthu kinamfanya mwanamke Mmoabu kuwa mzaa babu wa Daudi, na baadhi ya wasomi wanakisoma kama jibu kwa Ezra. Wengine wanasema ni hadithi ya zamani isiyo na ubishi huo. Katika kitabu cha Esta, Mordekai anaitwa Myahudi ingawa ukoo wake ni wa Benyamini. Jina lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka ya kabila. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 B.K., alikuwa na maoni hayo hayo: anasema watu wake wameitwa Wayahudi tangu walipopanda kutoka Babeli.

Yupo shahidi mmoja anayevuruga picha hii, na ni vizuri tumsikilize. Katika kisiwa cha Elephantine, kwenye mto Nile karibu na Aswan, kulikuwa na kambi ya askari waliotumikia Uajemi. Barua zao za mafunjo za karne ya 5 K.K. zimehifadhiwa na ukavu wa jangwa, nao wanajiita Wayahudi. Walikuwa na hekalu lao la Mungu waliyemwita Yaho, ingawa sheria ya Torati inaruhusu mahali pamoja tu pa dhabihu. Orodha moja ya michango yao inaonyesha fedha zilizotengwa kwa Yaho, na nyingine kwa Eshem-betheli na Anat-betheli. Makuhani wa Misri walipochochea hekalu hilo libomolewe mwaka 410 K.K., askari hao waliandika hata Yerusalemu kuomba msaada, bila dalili yoyote ya kuona haya. Barua hizo hazimtaji Musa, wala Torati, wala Ibrahimu.

Walikuwa Wayahudi au hawakuwa? Kwa kipimo cha marabi wa baadaye, dini yao ina kasoro kubwa. Kwa kipimo cha wakati wao, hakuna aliyelitilia shaka jina lao, si Waajemi, si Wamisri waliowachukia, wala wao wenyewe. Elephantine inatufundisha kwamba jina lilitangulia kukamilika kwa dini. Yonatan Adler, katika kitabu chake cha mwaka 2022, amekwenda mbali zaidi: alitafuta dalili za watu wa kawaida kushika sheria za Torati, kama mabwawa ya kujitakasa na kuacha samaki wasio na magamba, na hakuzipata kabla ya karne ya 2 K.K. Katika Yerusalemu ya zamani mifupa ya kambare inapatikana jikoni kama kawaida. Wapinzani wake husema kwamba kukosekana kwa dalili ardhini si ushahidi kwamba sheria haikujulikana. Nadhani wote wana sehemu ya ukweli: maandishi yalikuwepo mikononi mwa makuhani muda mrefu kabla hayajaingia jikoni.

Karne hiyo ya 2 K.K. ndiyo iliyoleta zamu ya mwisho. Mwaka 167 K.K. mfalme Antioko wa Nne alipiga marufuku tohara na Sabato. Alipofanya hivyo, kushika desturi kukawa suala la kufa na kupona, na ukoo wa Wamakabayo ukaasi na kushinda. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichoandikwa kwa Kigiriki, ndicho cha kwanza kuutaja Uyahudi kama njia ya maisha ambayo mtu anaweza kuitetea au kuisaliti. Na kilicho njia kinaweza kufuatwa na mgeni. Baadaye katika karne hiyo Yohana Hirkano, mtawala wa ukoo huo, aliwateka Waidumaya, yaani Waedomi, na kwa maelezo ya Yosefo aliwaruhusu kubaki kwa sharti la kutahiriwa na kushika sheria. Tangu hapo wakawa Wayahudi. Mgiriki Strabo anaeleza tofauti, kwamba walijiunga na kushiriki desturi bila kutaja nguvu. Shaye Cohen, katika kitabu chake cha mwaka 1999, analiona tukio hilo kuwa ndilo lililogeuza Uyahudi kutoka uzawa na kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukiingia. Steve Mason alimpinga mwaka 2007: kwa watu wa kale, alisema, jina lile liliendelea kumaanisha watu wa Yudea, na desturi zilikuwa sehemu ya utaifa wao.

Jambo moja katika mkasa huu hupitwa na wasomaji wengi. Waidumaya walihesabiwa wana wa Esau, mjukuu wa Ibrahimu. Kwa nasaba, walikuwa wa nyumba ya Ibrahimu tangu zamani, na bado iliwapasa kufanywa Wayahudi. Mmoja wa wazao wao alikuwa Herode, mfalme aliyelijenga upya hekalu la Yerusalemu kwa fahari kuu, na mpinzani wake Antigono alimdharau kwa kumwita nusu Myahudi. Kuzaliwa na Ibrahimu peke yake hakukumtosha mtu.

Hapo ndipo ubishi juu ya Ibrahimu ulipochacha, kwa maana dini sasa zilikuwa na mipaka na kila mmoja alitaka kujua babu alisimama upande gani. Kitabu cha Yubile cha karne ya 2 K.K. kinawaonyesha mababu wakiadhimisha sikukuu za Torati kabla ya Musa kuzaliwa, na marabi walifundisha vilevile kwamba Ibrahimu aliishika Torati yote kabla haijatolewa. Paulo alijibu kwa tarehe: Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa, na sheria ikaja miaka 430 baada ya ahadi. Qurani nayo, katika sura ya Aal Imran, inatumia tarehe: Taurati na Injili ziliteremshwa baada ya Ibrahimu, kwa hiyo hakuwa Yahudi wala Mkristo, bali mwongofu aliyejisalimisha kwa Mungu. Mwanahistoria anaweza kukubaliana na sehemu ya kwanza ya hoja zote mbili, kwamba Ibrahimu alitangulia, na kuwaachia wanatheolojia sehemu ya pili.

Baada ya Warumi kulibomoa hekalu mwaka 70 B.K., marabi ndio walioweka mipaka kwa maandishi. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200 B.K., inamfuatisha mtoto upande wa mama ikiwa mama si Myahudi, kanuni ambayo ingewaweka mashakani wana wa Yusufu aliyeoa binti wa kuhani wa Misri, na wana wa Musa aliyeoa Mmidiani. Mishna hiyo hiyo inasema kwamba mwongofu asiseme "baba zetu" anapoleta malimbuko, kwa sababu baba zake si hao. Karne nyingi baadaye, huko Misri, rabi Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, aliulizwa na mwongofu aitwaye Obadia kama naye azuie maneno hayo katika sala. Alimjibu aseme yote bila kubadilisha neno, kwa sababu Ibrahimu ni baba wa kila anayeingia katika njia yake.

Swali la Obadia lilifika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1919, karibu na Mbale nchini Uganda, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu, aliyewahi kuwatumikia Waingereza na kusoma Biblia yao, alijitahiri pamoja na wanawe na kuanza kushika Sabato. Wafuasi wake wanaitwa Abayudaya, watu wa Yuda. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwafanyia mamia yao taratibu rasmi za uongofu, wakiwemo wazee walioishika Sabato tangu utotoni.